Wema na Namna Yake

Je, wema ni nia ya mtu atendaye, au ni namna anavyoutenda? Swali hili halimsumbui mtu akaaye kwao. Nyumbani nia na namna ni pacha. Mtoto hufundishwa kumpenda mgeni, na papo hapo hufundishwa maneno ya kumkaribishia. Hana haja ya kuvitenga viwili hivyo. Lakini mtu akisafiri mbali huona kwamba pacha wale wameachana bandarini: nia amekuja nayo, namna imebaki nyuma. Ndipo anapolazimika kujiuliza ni yupi kati yao aliyekuwa wema wenyewe.

Mimi nilisafiri kutoka Tanga kwenda Dresden, mji wa mashariki ya Ujerumani ulio kando ya mto Elbe, kujifunza uhandisi wa ujenzi. Uhusiano wa nchi hizi mbili ni mkubwa kuliko nilivyodhani. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Tanga kuelekea Usambara. Mwaka huo huo watu wa Dresden walifungua daraja la chuma liitwalo Blaues Wunder, yaani Ajabu ya Buluu, livukalo mto pasipo nguzo ndani ya maji. Neno letu shule ni neno lao. Neno letu hela ni jina la sarafu yao, Heller, iliyoanza kutumika katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904. Nilipoyajua hayo nilijiona kama mtu aendaye kwa jamaa aliyegombana na babu yake: ugeni upo, lakini si ugeni mtupu.

Mafunzo yangu ya kwanza yalikuwa madogo, tena ya kuchekesha. Nilialikwa chakula cha jioni kwa saa ambayo katika lugha yao huitwa nusu ya nane. Niliitafsiri kwa mazoea ya Kiingereza niliyoyapata darasani, nikadhani ni saa mbili u nusu, nikafika na uso wa furaha. Wenyeji wangu walikuwa wamekwisha kula, maana kwao nusu ya nane ni nusu ya kuiendea nane, yaani saa moja u nusu yetu. Siku nyingine nilimwuliza mzee mmoja ngazini habari zake, nikitaraji jibu la njema, kama ilivyo desturi yetu, ambako hata mgonjwa husema njema kwanza ndipo aeleze homa yake. Mzee yule alisimama akanipa habari yenyewe, tangu goti la kulia hata la kushoto. Siku ile nilicheka moyoni. Baadaye niliona haya, kwa kuwa mimi niliuliza pasipo kutaka kujua, na yeye alijibu kwa kuniamini.

Fundisho kubwa lilitoka jikoni. Mwaka wangu wa kwanza nilipanga nyumba moja na mwanafunzi mwenzangu, kijana Mjerumani tuliyekuwa darasa moja. Kila mmoja alikuwa na chumba chake, na jiko lilikuwa letu sote wawili. Jioni moja ya Desemba, theluji ikianguka nje, nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikamwita tukala pamoja. Alikula kwa furaha, akaosha vyombo vyote, akaenda kulala. Asubuhi nilikuta juu ya meza sarafu mbili za euro mbili mbili, na kipande cha karatasi kilichoandikwa: kwa chakula, ahsante.

Msomaji aliyelelewa pwani hana haja ya kuelezwa nilivyoona. Kwetu chakula cha mgeni hakina bei. Mtu akilipia chakula alichokaribishwa, amemgeuza mwenyeji wake kuwa mwenye hoteli, na mapenzi kuwa biashara. Nilizichukua sarafu zile nikaziweka chini mbele ya mlango wake pasipo neno. Zililala pale siku mbili, kisha hazikuonekana tena. Tangu hapo tulisalimiana, lakini hatukuzungumza. Jiko lilikuwa moja, sufuria zikawa mbili, na kila mmoja alingoja mwenziwe atoke ndipo aingie.

Mambo yalidumu hivyo miezi saba. Mwisho wa Julai mwenzangu alifunga masanduku kwenda kusoma katika mji mwingine. Nilimsaidia kuteremsha mizigo, na kwa kuwa gari lilichelewa, tulikaa kwenye ngazi ya mlangoni. Ndipo nilipomwuliza kwa nini alinilipa siku ile. Alistaajabu kwamba nakumbuka. Alisema kuwa kwao, ambako mama mmoja alilea watoto wanne peke yake, walifundishwa kwamba mtu alaye pasipo kutoa fungu lake ni mzigo juu ya mwenziwe. Na atoaye fungu lake asema, sisi ni sawa, niite tena kesho. Wakati ule alikuwa akifanya kazi usiku katika duka la mikate ili apate kodi ya chumba, na euro zile nne ndizo zilizokuwamo mfukoni mwake. Kisha akasema, akitazama barabarani, "Uliponirudishia nilidhani umeziona ni chache."

Gari likaja, akaenda zake. Nilipopanda ngazi kurudi juu nilianza kuhesabu, ingawa kwetu wema hauhesabiwi. Nilikumbuka kwamba yeye ndiye aliyenitengenezea breki ya baiskeli yangu. Yeye ndiye aliyebandika karatasi juu ya mapipa ya taka, akichora picha ili nijue ya chupa, ya makaratasi na ya mabaki ya chakula. Yeye ndiye aliyeketi nami asubuhi nzima katika ofisi ya wageni, kwa sababu Kijerumani changu hakikutosha. Sikumlipa kitu, wala wazo la kumlipa halikunijia. Kumbe nilikubali wema wake ulipokuja kwa namna yangu, nikaukataa ulipokuja kwa namna yake.

Wako watu wasemao kwamba mambo haya yana dawa moja, nayo ni mgeni kufuata wenyeji. Husema, ukenda kwa wenye chongo nawe vunja lako jicho. Methali hii ina hekima ya njiani, lakini ikifuatwa kila mji itamrudisha msafiri kwao kipofu. Tena haisemi la kufanya mahali ambapo mwenyeji hajulikani ni nani. Wako wengine wasemao kwamba nia ndiyo kila kitu, na mwenye moyo safi hana lawama. Nami nawajibu kwa ushuhuda wangu: katika jiko lile hapakuwa na nia mbaya hata moja. Nia mbili njema zilikutana juu ya meza, zikazaa kimya cha miezi saba. Ikiwa nia yatosha, kimya kile kilitoka wapi?

Jibu nililolipata lilitoka katika somo langu mwenyewe. Chuma hurefuka kwa joto na hufupika kwa baridi. Reli yenye urefu wa kilometa moja, ikiachwa huru, hurefuka kadiri ya milimeta 12 kwa kila digrii moja ya joto inayozidi. Daraja la chuma la meta 100, mahali ambapo kiangazi na kipupwe vyatofautiana kwa digrii 50, hurefuka na kufupika kwa milimeta 60. Mjenzi akilifunga ncha zote mbili, nguvu ya joto itapinda chuma au itapasua mawe ya ukingoni. Akiliacha huru ncha zote mbili, litahama mahali pake. Kwa hiyo hulifunga ncha moja kwa imara, na ncha ya pili huiweka juu ya egemeo linaloweza kusogea, na kati ya daraja na barabara huacha pengo. Mpita njia hulisikia pengo lile chini ya gurudumu akadhani ni kasoro ya fundi. Sivyo; pengo lile ndilo lililolihifadhi daraja.

Naona mwanadamu naye hana budi kujengwa hivyo. Yapasa awe na ncha iliyofungwa: kusema kweli, kutodhulumu, kutomdharau mwenziwe kwa umaskini wake wala kwa asili yake. Hayo hayasogei, Tanga wala Dresden, na mtu ayasogezaye kwa ajili ya kupendwa na wenyeji amejiuza kwa bei ndogo. Lakini yapasa awe pia na ncha isogeayo: saa ya kula, namna ya kuamkia, namna ya kushukuru, namna ya kutoa na kupokea. Kosa langu lilikuwa kufunga ncha ya kusogea. Niliipa desturi heshima ya haki, na kwa kuitetea desturi nikaivunja haki yenyewe, maana nilimdharau mtu kwa euro nne alizozipata usiku, akiwa macho wakati mimi nimelala.

Na lile pengo ni nini katika maisha ya watu? Naona ni swali. Ni kule kungoja kidogo kati ya jambo na hukumu, mtu aseme, "Mwenzangu, kwenu jambo hili lina maana gani?" Maneno hayo hayahitaji elimu kubwa ya lugha. Hata Kijerumani changu cha Desemba ile kingeyatosha. Sikuyasema kwa sababu nilidhani jibu nalijua.

Sasa nimepewa nafasi katika bweni la wanafunzi, nami nitahamia Oktoba, muhula wa kipupwe ukianza. Ghorofa nitakayokaa ina vyumba kumi na sita na jiko moja. Nimeambiwa kwamba wakazi wake wametoka India, Vietnam, Siria, Polandi na Ujerumani yenyewe. Huko mwenyeji na mgeni hawatajulikana kwa urahisi, kwa kuwa sote tutakuwa wapangaji, na kila mmoja atakuja na namna yake, akiamini kwamba ndiyo namna ya watu wote. Sitaraji amani isiyo na ugomvi. Watu kumi na sita na jiko moja watagombana juu ya sufuria isiyooshwa, juu ya harufu ya samaki, juu ya mlango uliofungwa kwa kishindo baada ya saa nne usiku. Nataraji jambo dogo kuliko hilo, tena gumu zaidi: kwamba nitauliza kabla ya kununa.

Tena nimeazimia kupika wali wa nazi juma la kwanza, na kumwita kila atakayekuwapo. Kando ya sufuria nitaweka kikombe kitupu. Apendaye kutoa fungu lake atatia kikombeni, na asiyetoa atasema ahsante, na wote wawili nitawashukuru sawasawa. Hela zitakazopatikana zitanunua mchele wa sufuria ijayo. Mwenzangu wa zamani nimemwandikia habari hii, nikamweleza kwamba euro nne zake hazikuwa chache, na kwamba angali anadai fungu lake la wali.