Kiendeshi cha Kadi na Haki ya Mwenye Mali

Mtu anunuapo jembe hununua pamoja nalo haki ya kuubadili mpini ukivunjika. Je, anunuapo kompyuta, haki hiyo hukoma?

Swali hili humkuta kila awekaye mfumo huria wa Linux katika kompyuta yenye kadi ya picha ya NVIDIA. Hana budi kuchagua kiendeshi, yaani programu inayouwezesha mfumo kuiamuru kadi ile. Kimoja ni Nouveau, kazi ya watu waliochunguza kwa subira namna kadi hizo zinavyotenda. Kiliingia katika kiini cha Linux mwaka 2010, na ye yote aweza kukisoma na kukitengeneza. Cha pili ni cha kampuni yenyewe, chenye nguvu zaidi, lakini kwa miaka mingi maandishi yake yalifichwa. Mwaka 2022 kampuni ilifunua sehemu inayoingia katika kiini, kwa kadi za Turing na zilizofuata. Sehemu nyingine ingali imefungwa.

Wako wasemao kwamba kutumia kilichofungwa ni kushiriki dhuluma. Hukumu hiyo ni kali mno. Anayewalisha watoto wake kwa kazi ya kutengeneza filamu hana hatia akichukua chombo kinachomwezesha. Aliyefunga mlango siye aliyelazimika kupita dirishani.

Wako pia wasemao, "Mradi chafanya kazi." Hao hawatazami kesho. Mwisho wa mwaka 2022 kampuni iliacha kukitunza kiendeshi cha kadi zake za Fermi, zilizoanza kuuzwa mwaka 2010. Tangu hapo hakikupata tena marekebisho ya usalama kutoka kwake, hali Nouveau chaendelea kuzihudumia. Na ni nani hupokea kompyuta kuukuu? Ni shule maskini, wala si tajiri.

Basi, mwenye haja ya kweli achukue kilichofungwa, naye ajue anachokiacha. Asiye na haja hiyo, anayeandika barua na kusoma tu, na achague kilicho wazi, maana kila akitumiaye na kutoa habari ya kasoro zake humsaidia jirani atakayekirithi.

Wenye kutunza mifumo nao wana wajibu wa kusema kweli. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura kuruhusu programu za ndani za vifaa, hata zisizo huria, ziingie katika kisakinishi chao, lakini mtumiaji aambiwe zipi zimepakiwa. Huo ni uamuzi wa busara: haja haikudharauliwa, wala ukweli haukufichwa. Kuchagua huku umefumbwa macho si kuchagua, bali ni kuchaguliwa.