Subira ni jina, si amri

Wazee wetu wa Pwani hawakuhangaika sana na majina. Aliyezaliwa Ijumaa akaitwa Mwajuma, wa usiku akawa Chausiku, aliyekuja wakati wa dhiki akaitwa Tabu au Shida, na maisha yakaendelea. Subira naye ana kisa chake. Mara nyingi ni mtoto aliyechelewa: mama kakaa kwenye ndoa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, mawifi wanamtazama tumbo kila sikukuu, waganga wamekula kuku wao, mwisho Mungu kajibu. Siku ya akika hakuna aliyeuliza mtoto aitwe nani.

Kwa hiyo aliyesubiri ni mama. Binti kakuta kazi imeshafanyika.

Mkoa wetu ulishakuwa na kigogo mwenye jina hilo, Subira Mgalu, aliyekuwa mbunge wa viti maalum wa Pwani, na Naibu Waziri wa Nishati kuanzia 2017 hadi 2020. Nadhani utani aliusikia mwingi, maana miaka ile vijiji kibao vilikuwa vinangoja nguzo za umeme za REA, Wakala wa Nishati Vijijini. Lakini naibu waziri hakuna wa kumwambia avumilie. Kuvumilia ni kwetu sisi.

Na ajabu ni kwamba msikitini na kanisani mfano mkuu wa subira ni mwanamume, Nabii Ayubu. Akina Ayubu wamejaa mitaani, wanauza matairi na vipuri, na sijasikia hata mmoja akiambiwa asidai hela yake kwa sababu ya jina.

Njoo sasa hapa Picha ya Ndege, Kibaha. Yupo fundi cherehani, Subira, futi shingoni, daftari la madeni chini ya mkasi. Juzi mteja kabeba gauni lake la kitenge, kalipa nusu, huku anacheka: "Si unaitwa Subira, mdogo wangu? Basi subiri mwisho wa mwezi." Fundi naye akacheka, afanyeje? Akaandika daftarini. Kurasa zenyewe zimejaa mizaha ya namna hiyo. Mwenye fremu anataka kodi yake, na dukani uzi haukopeshwi kwa jina.

Akina Subira ni wengi, kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi. Kama mmoja wao anakudai, mlipe leo.