Je, MC ni Msema Chochote?



Huko nyumbani kuna utani uliozoeleka kwamba herufi hizi mbili, M na C, maana yake ni "Msema Chochote". Tunacheka, na mara nyingi mwenye kipaza sauti mwenyewe ndiye wa kwanza kucheka. Lakini kila ninapokaa katika kumbi zetu za huku Texas, iwe Irving au Arlington upande wa Dallas, iwe Sugar Land au Katy upande wa Houston, najiuliza kama utani huu haukubeba swali zito kuliko tunavyodhani. Je, mtu aliyepewa kazi ya kuwachangamsha watu ana ruhusa ya kusema lolote, mradi tu wasisinzie?

Katika harusi na sherehe za uhuru, MC akipotoka lawama huishia ukumbini, au kwenye simu za kesho yake. Lakini zipo hafla za namna nyingine, nazo ni hafla za makampuni. Benki inatoka Nairobi kuja kutufungulia akaunti na kutueleza mikopo ya nyumba. Kampuni ya viwanja inatoka Dar es Salaam na ramani zake za rangi. Wanakodi ukumbi wa hoteli, wanaandaa chakula, kisha wanamtafuta mtu wetu, anayejulikana na kupendwa, ashike kipaza sauti. Sababu ya kuja wanayo. Mwaka 2024 peke yake, kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, na fungu kubwa kuliko yote lilitoka hapa Marekani. Penye fedha za namna hiyo hapakosi mwenye bidhaa.

Tumtendee haki MC kwanza, maana kazi yake si rahisi. Jumamosi jioni mbele yake amekaa muuguzi aliyetoka zamu ya usiku asubuhi hiyo katika hospitali mojawapo ya Texas Medical Center, akalala saa tatu tu. Pembeni yupo dereva wa lori, na kesho alfajiri ana safari. Yupo aliyekuja kutoka Dallas kwa barabara ya I-45, mwendo wa saa nne ukibahatika na foleni. Yupo mama aliyemwacha mtoto kwa mlezi anayelipwa kwa saa. Na Kiswahili chenyewe ukumbini ni cha aina tatu au nne: wa Mombasa ana chake, wa Unguja ana chake, wa Bukavu ana chake, na wa Nairobi anachanganya kadiri apendavyo. Mzaha unaowavunja mbavu meza ya kwanza hauifikii hata masikio meza ya tano. Mbele ya watu hao anapanda meneja na picha hamsini za takwimu. Usingizi hapo si utovu wa adabu, ni mwili unadai haki yake.

Basi ziko mbinu, na nyingi ni nzuri. Anza kwa saa iliyoandikwa kwenye kadi, hata kama waliofika ni kumi na watano, kwa sababu ukiwangojea waliochelewa unawaadhibu waliowahi. Mpe kila msemaji dakika zake, na mwambie mapema kwamba zikiisha utasimama karibu naye. Usiweke hotuba ndefu mbele ya pilau inayonukia. Hakuna msemaji aliyewahi kuishinda pilau. Wasalimie watu wa kila upande kwa namna wanayosalimiana kwao. Haya yote yanawafanya watu wakae macho, na yote ni adabu. Muda wa mgeni ni mali yake, na amekuazima.

Neno hilo, kuazima, ndilo ninalotaka tulitazame. Wazee wetu walilijua vizuri. Msimulizi wa hadithi hakujitupa tu katikati ya watu akaanza kusema. Alipiga hodi kwanza. "Paukwa!" anasema, na asipojibiwa "Pakawa!" haendelei. Kwingine huita "Hadithi, hadithi!" na watu humjibu: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Tuliyazoea maneno haya tangu utotoni kiasi kwamba hatuyasikii tena. Lakini tazama yalivyo. Wasikilizaji ndio wanaotoa ruhusa. Na si ruhusa ya jumla tu: wanataja wazi kwamba kinachokuja kina uongo ndani yake, nao wameukubali kwa ajili ya utamu. Hakuna aliyedanganywa. Asubuhi hakuna atakayekwenda kuuza mbuzi wake kwa sababu sungura alimshinda fisi.

Hafla ya kampuni haina "uongo njoo". Anayekuja pale anakuja na masikio ya kweli, na pengine na kitabu cha hundi. Utamu anaukubali, uongo hajauruhusu. Kwa hiyo MC anayechukua uhuru wote wa msimulizi wa hadithi na kuupeleka kwenye hafla ya kuuza viwanja anavunja mapatano ambayo wasikilizaji hawakuwahi kuyafanya.

Huku kwetu Texas tuna mifano miwili mikubwa ya jambo hili, na yote miwili ni ya makampuni.

Mfano wa kwanza ni Southwest, shirika la ndege lenye makao yake Dallas. Lilianza kurusha ndege tarehe 18 Juni 1971, na miji yake ya kwanza ilikuwa Dallas, Houston na San Antonio. Waliosafiri nalo wanajua kwamba baadhi ya wahudumu wake huyatangaza maelezo ya usalama kwa mzaha, na wengine huyaimba. Fikiri hali ilivyo. Hakuna hotuba duniani iliyochosha watu kama ile ya mkanda wa kiti na barakoa ya oksijeni. Abiria ameisikia mara mia, amefungua gazeti, amefumba macho. Mhudumu anatupa mzaha, abiria anainua kichwa, na akiinua kichwa anaonyeshwa milango ya dharura iko wapi. Kicheko kile hakikumwibia kitu. Kimemfikisha kwenye neno ambalo siku moja linaweza kumwokoa.

Mfano wa pili ni Enron, kampuni ya nishati iliyokuwa na makao yake katikati ya jiji la Houston. Mwezi Agosti 2000 hisa yake moja ilifika dola 90. Tarehe 2 Desemba 2001 kampuni iliomba kinga ya mufilisi, na hisa ile ile haikufika hata dola moja. Maelfu walipoteza kazi, na wengi walipoteza pamoja nayo akiba ya uzeeni, kwa kuwa akiba hiyo ilikuwa imewekwa katika hisa za kampuni iliyowaajiri. Upo mkanda wa video, uliokuja kuonekana na watu wengi baadaye, wa mkutano wa wafanyakazi uliofanyika wakati kampuni bado inang'ara. Swali linasomwa jukwaani: je, tuweke akiba yetu yote katika hisa za Enron? Jibu linatolewa kwa bashasha, kwamba naam, bila shaka, na wenzake waliopo jukwaani wanaulizwa kama hawakubaliani na hilo. Ukiutazama mkanda ule bila kujua mwisho wake, utasema huo ni mkutano uliochangamka.

Mzaha wa ndani ya ndege unamwonyesha mtu mlango wa kutokea. Bashasha ya jukwaa lile ilimfanya mtu asahau kuutafuta. Ukipima kwa makofi na vicheko tu, hafla zote mbili zimefaulu. Hapo ndipo kipimo cha "je, watu walichangamka?" kinapoonyesha udhaifu wake.

Na tusikimbilie kusema kwamba yule wa jukwaani alikuwa mwongo. Huenda aliyasema aliyoyaamini. Jambo hili ndilo linalopaswa kumsumbua MC mwema, kwa sababu MC mwovu tunamjua na dawa yake ni kutomwalika tena. MC mwema anaipenda jamii yake, na ameambiwa na kampuni kwamba viwanja ni safi, naye amesadiki. Kwa hiyo anasema kwa moyo mkunjufu: "Ndugu zangu, nafasi kama hii haiji mara mbili, nani wa kwanza kujiandikisha?" Didjei anapandisha muziki, watu watatu wanasimama, wa nne anaona haya kubaki amekaa. Hakusema uongo hata neno moja. Lakini amemnyang'anya yule wa nne kitu kimoja cha thamani, nacho ni nafasi ya kufikiri.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza: "Mimi nimelipwa kuchangamsha, si kukagua hati." La pili: "Waliokuja ni watu wazima." Yote mawili yana ukweli wake, lakini hayatoshi. Kampuni ingetaka sauti nzuri tu, ingekuja na mtangazaji wake kutoka nyumbani. Imemchagua huyu wa hapa kwa kuwa alisimama kwenye msiba wa fulani na harusi ya fulani, na watu wakimwona wanalegeza mabega. Kinachokodiwa ni imani ambayo watu waliiweka kwake kwa miaka mingi, na imani hiyo si mali yake peke yake. Ni amana. Kuhusu utu uzima, ni kweli, kila mmoja hubeba uamuzi wake. Lakini mtu mzima huamua vizuri akiachiwa nafasi ya kuamua, na kazi ya yule mwenye kipaza sauti inaweza kuipanua nafasi hiyo au kuiziba. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Viwanja vikiwa hewa, meneja atarudi Nairobi au Dar es Salaam. MC atakutana na watu wake dukani, kanisani, msikitini.

Kuna deni jingine dogo, nalo hulipwa na mtu mmoja kwa niaba ya ukumbi mzima. Ni yule anayefanywa kichekesho: dada aliyefika umri fulani hajaolewa, kijana ambaye karatasi zake hazijakaa sawa, Mkongo ambaye lafudhi yake inaigizwa. Ukumbi unaangua kicheko, na yeye pia anacheka, kwa sababu afanye nini? Usingizi umewatoka watu mia mbili, na bei yake imelipwa na mmoja ambaye hakuulizwa. Utani tunao katika mila zetu, tena una heshima, lakini una mipaka yake: watani wanajuana, na aliyetaniwa ana haki ya kurudisha. Mwenye kipaza sauti na asiye nacho si watani.

Je, MC akijifunga hivi hatageuka kuwa mchovu? Sidhani. Hakuna kinachowakesha watu kama jambo linalowahusu wenyewe. Mwezi Oktoba 2001, Enron ikiwa ukingoni, mwenyekiti wake Kenneth Lay aliwasomea wafanyakazi swali lililoandikwa na mmoja wao, likimuuliza kama anatumia dawa za kulevya. Mengi yaliyosemwa katika mkutano ule yamesahaulika. Swali lile linakumbukwa hadi leo, kwa sababu lilitoka kwenye viti, si jukwaani.

Basi MC wa hafla ya viwanja akitaka ukumbi ulio macho, awaache watu waulize, na yeye mwenyewe afungue njia. Hati iko kwa jina la nani? Nani amekwenda ofisi ya ardhi kuitafuta? Aliyechukua uraia wa Marekani anamilikije? Mkenya anaweza kuwa na uraia wa nchi mbili chini ya Katiba ya 2010, lakini Katiba hiyo hiyo inamwekea asiye raia kikomo cha kukodi ardhi kwa miaka isiyozidi 99. Upande wa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya 1999 ilimfungia asiye raia mlango wa kugawiwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo swali la uraia linatangulia lile la bei. Uliza hilo katika ukumbi wa Houston uone kama kuna atakayesinzia! Kampuni yenye bidhaa safi itafurahi kuulizwa, na ile inayoomba maswali yaachwe mpaka baada ya kujiandikisha imekwisha kujibu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na aseme wazi kwamba amelipwa. Asiseme "mimi mwenyewe nimenunua" ikiwa hajanunua. Tena asiogope kimya. Ukumbi uliotulia dakika moja kwa sababu watu wanapiga hesabu kichwani umechangamka kuliko ule unaopiga vigelegele bila kujua kwa nini.

Sina ugomvi na mzaha, wala na wale ndugu zetu wanaotushikia kipaza sauti kila mwisho wa wiki, wakirudi nyumbani usiku wa manane sauti zikiwa zimekauka. Bila wao shughuli zetu zingekuwa vikao vya kodi. Ninachosema ni kwamba masikio ya watu waliochoka, waliokuja kwa hiari yao, ni kitu cha kuazimwa, na kilichoazimwa hurudishwa kikiwa kizima. Mtu akitoka ukumbini akiwa amecheka, na bado akili yake ni yake na fedha yake iko chini ya uamuzi wake, basi MC amefanya kazi. Tuutafutie utani wetu maneno mengine.