Je, Kilicho Nyikani Hakina Mwenyewe?

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakastaajabu kuona ukurasa huu umeshughulika na maua. Watasema: mambo yote yamekwisha duniani, hata tuandikiwe habari za maua? Nasi twajibu kwamba swali tunalotaka kulitazama si dogo, ingawa mfano wake ni mdogo. Ni swali la haki ya kitu ambacho hakuna mtu atakayesimama kukidai.

Mti wenyewe ni ule ambao wauza miche huuita waridi la jangwani, na wataalamu wa mimea huuita Adenium obesum. Jina hilo la wauza miche lina makosa mawili. Kwanza, si waridi. Ni jamaa ya oleanda, kile kichaka chenye maua mekundu na meupe kipandwacho katika bustani za miji. Pili, makao yake si jangwa tupu la mchanga, bali ni nyika: ile nchi ya miiba, mawe na udongo mwekundu inayoanzia nyuma ya pwani yetu, ikapanda hadi Voi na Tsavo, kisha ikaendelea kaskazini hata Isiolo na Turkana. Huota pia Somalia na Ethiopia, na upande wa magharibi hufika hadi Senegal. Na ng'ambo ya bahari huota Yemen na katika milima ya Dhofar nchini Oman. Katika kisiwa cha Socotra imo aina yake yenye shina nene mfano wa pipa. Hilo jina la Adenium limetokana na Aden. Aliyeueleza mti huu kwanza kwa njia ya elimu ni Peter Forsskål, aliyekwenda kukusanya mimea Yemen akafia huko mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775, yeye mwenyewe akiwa kaburini.

Asafiriye kutoka Mombasa kwenda Nairobi wakati wa kiangazi huweza kuuona kando ya njia. Vichaka vyote vimekauka, ardhi imepasuka, nao umesimama hauna jani hata moja, lakini umevaa maua ya rangi ya waridi yenye koo jeupe kana kwamba umealikwa arusini. Siri yake ni shina na mizizi minene iliyohifadhi maji ya mvua. Kiangazi kikizidi, huyaangusha majani ili maji yasipotee hewani, ukangoja. Mgeni huudhani umekufa.

Uzuri huo ndio ulioutia balaa. Pamezuka desturi ya kwenda nyikani na sururu, kuichagua miti iliyo mikubwa yenye mashina ya kupendeza, kuing'oa, kuipakia garini na kuileta mjini ikapandwe penye nyua za matajiri na milango ya mahoteli. Na anunuaye akiulizwa, jibu lake huwa tayari: huu ni mti wa mwitu, hauna mwenyewe.

Neno hili hebu tulipime. Lina maana mbili ndani yake, na watu huteleza kutoka moja hadi nyingine bila kujijua. Maana ya kwanza ni kuwa hakuna mtu aliyeupanda. Hilo ni kweli (ijapokuwa ardhi unapoota mara nyingi ina wenyewe, ikiwa ni ya jamaa za wafugaji, au ya ranchi, au ya hifadhi ya wanyama). Maana ya pili ni kuwa, kwa hivyo, hapana awezaye kudhulumiwa ukichukuliwa. Hapo ndipo hoja ilipovunjika mguu. Samaki aliyemo baharini naye hana mwenyewe mpaka avuliwe. Lakini ni nani katika wavuvi wetu asiyemlaani mtu avuaye kwa baruti au kwa sumu? Humlaani ijapokuwa hakuiba samaki wa mtu yeyote. Wanajua kwamba amechukua na cha kesho, na amekichukua kutoka kwa watu wengi asiowajua majina.

Basi ni nani anayedhulumiwa unapong'olewa mti huu? Wa kwanza ni wenyeji wa nyika. Wao wameujua zamani kabla ya bustani zetu. Utomvu wake ni sumu kali, nao waliutumia kwa kupaka mishale, na wafugaji wameutumia kwa kuua chawa na wadudu wa ngozi za ngamia na ng'ombe wao. Na tutazame tofauti. Mwenye ngamia huchukua kipande cha kumfaa mnyama wake, akauacha mti mahali pake. Sisi tunaoutaka kwa ajili ya kuutazama tu ndio tunaouchukua mzima pamoja na mizizi yake. Mwenye haja ameridhika na sehemu, na mwenye anasa hakuridhika ila na yote. Kwa rai yetu hili peke yake latosha kututia haya.

Wa pili ni miti iliyobaki. Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mti huu kwa kawaida hauzai kwa chavua yake wenyewe; wahitaji chavua ya mti mwingine, iletwe na nondo warukao baina ya maua. Inapokuwa miti kumi kilimani, nondo huenda na kurudi, na mbegu hupatikana. Wakija watu wakang'oa minane, na tena ile mikubwa izaayo zaidi, miwili iliyosalia huenda ikachanua kila mwaka kwa uzuri ule ule isizae kitu. Mpita njia akiiona atasema, Alhamdulillahi, bado ipo. Kumbe anatazama wazee wasio na watoto. Madhara ya namna hii ni mabaya kwa kuwa hayaonekani siku yanapotendwa.

Je, mti wenyewe nao una haki? Wako wanafalsafa wa siku hizi wasemao kuwa kila kilicho hai kina haki yake kama alivyo nayo mwanadamu. Sisi hatukufika huko, wala hatuoni haja ya kufika. Yatutosha neno tulilolizoea, amana. Mwenye kuwekewa amana hahitaji kujua kama kitu alichowekewa kinasikia maumivu ndipo akitunze.

Sasa tuzisikilize hoja za upande wa pili, maana zina uzito. Husemwa: anayeng'oa ni mtu maskini, nyumbani kwake hamna unga. Kweli. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika kaskazini na mashariki ya nchi yetu, mifugo ikafa, na mtu aliyeuza mti mmoja ili watoto wake wale hatuna ulimi wa kumlaumu. Lakini hoja hiyo yamwokoa muuzaji; haimwokoi mnunuzi. Mnunuzi hakuwa na njaa. Kama alitaka kumsaidia maskini, alikuwa na njia ya kumpa, na kama alitaka kufanya naye biashara, angemwambia aniletee mbegu, nami nitakulipa. Mbegu za mti mmoja huweza kuotesha miche mingi, na mwakani mti ungalipo.

Husemwa pia kwamba twauokoa. Ikiwa tingatinga limekwisha fika, barabara inapasuliwa au machimbo ya mawe yanafunguliwa, na mti utakatwa kesho, basi kuuhamisha kwa idhini ya wenye ardhi ni jambo jema, wala hatumkatazi mtu. Lakini wengi wanaolitumia neno hili wameutoa mti mahali ambapo hapakuwa na hatari yoyote ila wao. Hudai wameuokoa na ukame! Ukame ndio uliouzoea mti huu tangu haujaota. Kinachouua ni maji yetu.

Na hili ndilo linalotokea mara nyingi. Mti uling'olewa mizizi ikachubuka, ukaletwa mjini ukafukiwa siku hiyo hiyo katika udongo mweusi mzito, na kila jioni mtumishi akaumwagia maji. Majani yakiwa manjano, huongezewa. Baada ya majuma machache shina huwa laini kama ndizi iliyoiva sana, na mti umeoza. Wenyewe husikitika, na kusikitika kwao ni kwa kweli, waliupenda. Lakini waliupa kile ambacho wao wenyewe wangekitaka, hawakuuliza unataka nini. Katika nchi ambayo akina mama hutembea mwendo mrefu na mitungi, kuuoza mti wa nyika kwa maji ni israfu mara mbili.

Autakaye mti huu kwa haki na aupande kwa mbegu. Gharama yake ni ndogo, na kazi yake yataka subira kuliko nguvu. Mbegu huwa ndani ya maganda mawili yaliyoungana chini kama pembe za ng'ombe. Kila mbegu ni mfano wa kijiti kifupi chenye kishungi cha nywele kila ncha, ili upepo uichukue. Zipandwe zingali mpya, maana zikikaa sana hazioti vizuri. Changanya mchanga wa mto ulio chenga (wa bahari una chumvi) na samadi iliyooza kabisa, kiasi cha nusu kwa nusu, utie katika chungu chenye tundu chini. Zilaze mbegu juu, uzifunike kwa mchanga kidogo tu, uweke unyevu. Penye joto huchomoza kwa muda wa juma moja au karibu yake. Miezi ya kwanza mche usiachwe ukauke kabisa. Ukishakuwa na nguvu, desturi hubadilika: mwagilia mpaka maji yatokee chini, kisha uache udongo ukauke ndipo umwagilie tena.

Jua lisipungue. Mvua za masika zikishika Mombasa, chungu kisogezwe chini ya upenu. Kwa wakaao Nairobi, baridi ya Julai huuangusha majani, na wakati huo karibu usipewe maji kabisa. Shina likianza kulainika, likatwe pale palipooza hata ufikie palipo pazima, likaushwe kivulini siku kadhaa, kisha lipandwe upya. Watoto na mbuzi wakae mbali nao, na akataye matawi avae glovu, maana ile sumu ya mishale haikuondoka kwa sababu mti umewekwa barazani. Ukitunzwa hivi, mara nyingi maua ya kwanza huonekana kati ya mwaka wa kwanza na wa pili. Na mti wa mbegu hujinenepesha shina tangu udogoni, jambo ambalo tawi lililokatwa na kupandwa halilifanyi vizuri vile vile. Thailand na Taiwan wameotesha kwa mbegu na kuunganisha vikonyo hata wakapata rangi na maumbo mengi ambayo nyika haikuwa nayo. Basi hapana udhuru wa kusema kwamba bila sururu hakuna bustani.

Limebaki swali la walio nao tayari, walionunua bila kuuliza ulikotoka. Je, waurudishe? Hatuwashauri. Aghalabu mahali pake hapajulikani tena, na mti uliokaa mjini huweza kupeleka ugonjwa huko. Autunze, kisha atafute jirani mwenye mti wa pili, maana mmoja hautoshi. Ua lipasuliwe taratibu kwa wembe mpaka kionekane kile kibanda kilichochongoka katikati. Chavua imo ndani yake, juu. Ichukuliwe kwa ncha ya burashi nyembamba, ikatiwe katika ua la mti mwingine, chini ya kibanda kama hicho, mahali palipo na utomvu kidogo wa kunata. Yafanywe maua mengi, kwani hayashiki yote. Yaliyoshika hutoa pembe zile mbili, nazo hukaa miezi kadhaa kabla ya kuiva. Zikianza kubadilika rangi zifungwe uzi au zivishwe kitambaa chepesi, kwa sababu zikipasuka asubuhi bila mtu kuwapo, ikifika adhuhuri upepo umekwisha zichukua mbegu zote.