Kelele ya Kununua

Mwaka jana nilinunua kelele. Nililipa kwa dola programu ndogo ya kompyuta ambayo kazi yake ni moja tu: inachukua sauti safi na kuifanya isikike kama imetoka kwa kaseti iliyoachwa juani. Ina kitufe cha kuzungusha. Ukizungusha kulia, ule mvumo wa shhh unaongezeka. Ukizidi, hata gitaa linaanza kuyumba kama mlevi anayetafuta geti.

Wimbo wenyewe nilikuwa nimeurekodi kwa maikrofoni nzuri ya kuazima, katika nyumba ya rafiki kule Lavington, mahali ambapo hata mbwa hubweka kwa adabu. Ulitoka safi mpaka ukanichosha. Nikazungusha kitufe, nikaupandisha mtandaoni, na chini yake nikaandika: "Nimerekodi usiku, chumbani, na kile kidogo nilicho nacho." Komenti zikaingia. Wengi walisema kitu kimoja: huu ndio ukweli, hakuna mapambo.

Kisha nikamchezea binamu yangu. Yeye hurekodi nyimbo za injili kwa bedsita yake huko Kayole, godoro limeegemezwa mlangoni na blanketi mbili zimefunika dirisha. Hungoja hadi saa nane usiku, baa ya chini ikifunga, na huomba stima isipotee. Bado kila wimbo wake huwa na mgeni ambaye hakualikwa: honi, mtoto wa jirani, mbwa wa ploti. Akipata pesa kidogo, humpelekea kijana fulani amsafishie sauti. Alisikiliza wimbo wangu hadi mwisho, akatoa iafoni, akauliza, "Yaani wewe umelipa ndio kelele iingie? Mimi nalipa ndio itoke."

Akacheka. Nami nikacheka, lakini changu kilikuwa kicheko cha mtu aliyeshikwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, nilidanganya? Na kama ni ndiyo, nilimdanganya nani, na kwa nini iwe makosa? Ni shhh tu.

Wengi wa rika letu wakisikia neno lo-fi hufikiria ile midundo ya kusomea, yenye mikwaruzo ya santuri iliyonyunyizwa juu kama chumvi. Lakini kabla haijawa mtindo, lo-fi ilikuwa hali. Kwa hivyo nilienda kutafuta wakili kwa bendi ambayo wapenzi wa indie rock huitaja kila wakizungumzia sauti chafu: Guided by Voices, kutoka mji wa Dayton, Ohio, Marekani.

Kiongozi wao, Robert Pollard, alikuwa mwalimu wa darasa la nne. Baada ya kazi, yeye na wenzake, akiwemo Tobin Sprout, walirekodi nyumbani kwa mashine ya kaseti ya njia nne. Kaseti ya kawaida ina njia mbili za kwenda na mbili za kurudi ukiigeuza. Mashine hii ilizitumia zote nne kwa upande mmoja: ngoma hapa, gitaa pale, sauti ya kuimba kwingine. Njia zikijaa, unazimwaga tatu ndani ya ile ya nne ndio upate nafasi, na kila ukimwaga, mvumo wa kaseti unapanda juu ya mvumo mwingine. Ukishaingia, hautoki. Ndio huo unaousikia katika albamu zao Propeller ya 1992 na Bee Thousand ya 1994. Katika wimbo unaofungua Bee Thousand, gitaa moja linapotea ghafla kisha linarudi. Lilikuwa kosa. Wakaliacha.

Hadithi ingeishia hapo, hukumu ingekuwa rahisi: wao walikosa, kelele yao ni ya kweli, mimi nilikuwa nacho, yangu ni feki. Lakini haiishii hapo. Rekodi yao ya kwanza, Forever Since Breakfast ya 1986, ilifanywa studio na ilinyooka vizuri tu. Kwa hivyo mlango wa studio waliujua. Waliingia, wakatoka. Pollard alikuwa na mshahara wa mwalimu, si mkubwa lakini upo. Ndani ya ile kelele kulikuwa na ukosefu, sawa, na kulikuwa pia na uamuzi.

Na kuna kubwa zaidi. Propeller inaanza na umati. Watu wanapiga mayowe ya herufi za jina la bendi, G, B, V, kama uwanja umefurika. Hakukuwa na uwanja. Umati huo waliutengeneza wenyewe, wakati ambapo nje ya Dayton karibu hakuna aliyewajua. Albamu yenyewe ilitolewa nakala 500 tu, kila moja na jalada lake la kutengenezwa kwa mkono. Mimi niliongeza shhh. Wao waliongeza watu!

Hoja hiyo niliishika kwa wiki nzima kama mtu aliyeokota noti ya elfu. Halafu nikaanza kuona ina doa.

Uongo unahitaji mtu wa kuamini. Nani angeshika moja ya zile nakala 500, jalada limegundishwa na mkono wa mtu, aamini kwamba ndani kuna uwanja mzima? Kila kitu kwenye albamu hiyo kilikuwa kinaukana ule umati. Ulikuwa mzaha, na ndani ya mzaha kulikuwa na dua. Dua yenyewe ilijibiwa: miaka ilipoenda, mashabiki wa kweli walisimama mbele ya jukwaa wakipiga mayowe ya herufi zile zile. Wao walijifanya wakubwa mbele ya watu walioona udogo wao. Mimi nilijifanya mdogo mbele ya watu ambao nilitaka wasijue.

Utaniambia sanaa yote ni kuigiza. Mvua ya filamu hutoka kwa mpira wa maji na hakuna anayedai kurudishiwa pesa za tiketi. Ni kweli, na ndiyo maana siwezi kusema kila anayetumia programu kama yangu ni mwongo. Kuna wanaopenda ile sauti kama vile wengine wanavyopenda rangi ya picha za zamani, na hawamwambii mtu kitu kingine. Lakini mimi niliandika "kile kidogo nilicho nacho." Niliigeuza kelele kuwa ushahidi. Nilitaka kusifiwa kwa kupanda mlima ambao nilipelekwa juu kwa gari.

Wasikilizaji nao wana kesi ya kujibu. Mwaka 1999 Guided by Voices walitoa Do the Collapse, ikisimamiwa na Ric Ocasek wa bendi ya The Cars, sauti imeng'arishwa vilivyo. Baadhi ya mashabiki walihisi wamesalitiwa, kana kwamba mtu akioga anakuwa mtu mwingine. Nimeona hilo hilo kwa binamu yangu. Kuna watu humwandikia, kwa upendo kabisa, wakimwomba asisafishe nyimbo zake, kwamba yule mbwa ndiye uhalisi wenyewe. Hawalali karibu na yule mbwa. Ukimwambia mtu abaki na shida yake kwa sababu inasikika vizuri kwa masikio yako, sijui kama ni yeye unayempenda au ni shida.

Kwa hivyo siamini tena kwamba sauti chafu ni ya kweli na safi ni ya uongo. Siku hizi nauliza swali lingine: kelele hii ilinunua nini?

Kule Dayton ilinunua kasi. Studio ni ya kulipia kwa saa, kwa hivyo unachagua nyimbo chache na kuzipiga pasi. Mashine ya kaseti iko mezani. Wimbo uliokujia mchana unaweza kurekodiwa usiku kabla haujapoa, na ukiisha kwa dakika moja na nusu, si lazima uuvute. Bee Thousand ina nyimbo 20 kwa muda wa kama dakika 36. Walitoa usafi, wakapata wingi na ujasiri. Hiyo ni biashara ya haki; bei inaonekana.

Kwa binamu yangu, kelele ilinunua kuwepo. Bila kukubali honi na mbwa, nyimbo hizo zisingekuwa duniani.

Yangu ilinunua sifa. Na kulipia sifa hiyo nilitumia alama za maisha ya mtu mwingine: godoro lake mlangoni, saa nane zake za usiku. Hapo ndipo kosa lilipo. Yeye hawezi kuzungusha kitufe kushoto halafu mbwa anyamaze. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya dakika tatu na nusu.

Wiki hiyo nilizima ile programu, nikausikiliza wimbo uchi. Ndipo nikapata jambo ambalo sikulitarajia. Ubeti wa pili haukuwa umeisha. Maneno mawili matatu nilikuwa nimeyamumunya kwa sababu sikuwa nimeyapata bado, na ule mvumo ulikuwa umeyafunika vizuri. Kumbe hata mimi mwenyewe nilikuwa nimedanganywa.

Niliutoa wimbo, nikaandika kwa nini. Wachache waliudhika, wengi hawakujali. Faili safi nikamtumia binamu. Alijibu kwa sauti, sekunde sita hivi: "Ubeti wa pili bado. Rudi uandike." Nyuma yake mbwa alikuwa anabweka.

Bado naandika.