Gari Kuukuu Nyuma ya Nyumba: Nani Aseme Ndiyo?



Je, mume ana haki ya kununua gari la zamani lisilotembea, alilaze nyuma ya nyumba, kisha atumie fedha na Jumamosi zake kwa miaka kadhaa akilitengeneza, ilhali mke wake hakulitaka tangu mwanzo? Wako watakaojibu upesi kwamba huo ni ubinafsi mtupu, maana watoto wanahitaji karo. Wako pia watakaojibu upesi kwamba mtu anayeamka alfajiri kila siku kuitafutia jamaa yake riziki anastahili kitu kimoja cha kumfurahisha. Kila upande una neno la kweli, na ndiyo sababu ugomvi wa aina hii hauishi. Afadhali tulipime jambo lenyewe kwanza, ndipo tuhukumu.

GARI LA NAMNA GANI?

Tuchukue mfano mmoja, Alfa Romeo 2000 GTV. Umbo la gari hili lilichorwa na Giorgetto Giugiaro, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, katika kampuni ya Bertone huko Torino, Italia. La kwanza la ukoo huu lilitolewa mwaka 1963, na hili la lita mbili likafuata mwaka 1971. Injini yake ni ya alumini, ina kabureta mbili, na ikiwashwa sauti yake huwafanya hata watu wazima wageuke njiani. Kenya si mgeni wa magari haya. Klabu ya wenye Alfa Romeo jijini Nairobi imehusika na mashindano ya Concours d'Elegance, ambayo kwa miaka mingi yamewavuta watu kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Hapo waamuzi hukagua magari na pikipiki, nje, ndani, kwenye injini na hata chini ya bodi.

Huo ndio uzuri wake. Ubaya wake ni kutu. Gari hili halina chesisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote. Vile vyuma virefu vilivyo chini ya milango ni kama uti wa mgongo, na humo ndani maji hujificha na kukila chuma polepole. Kwa nje utaona rangi nyekundu inayong'aa. Ukigonga kwa kifundo cha kidole utasikia sauti nzito ya puti. Fundi akiikwangua puti hiyo anakuta tundu. Akikata pale penye tundu anakuta sakafu nayo imekwisha. Hata fundi stadi hawezi kukutajia gharama kamili kabla ya kulifungua gari. Ndugu msomaji, lishike neno hilo, maana tutalirudia.

KUFURAHI SI KOSA

Kwanza tumtetee huyu mume. Kazi ya mikono ni njema. Anayefungua injini, akaisafisha kipande kwa kipande na kuirudisha ilivyokuwa, anajifunza subira ambayo ofisini hakuipata. Watoto wakimshikia tochi na kumpa spana, wanajifunza pia, na wanapata saa za kukaa na baba yao. Tena, mume aliyelala chini ya gari nyumbani kwake Jumamosi jioni, mkewe anajua aliko. Si kila mke anaweza kusema hivyo.

Ndoa haikumfanya mtu awe mtambo wa kuleta mshahara tu. Mke anayependa maua, au kwaya, au kuku wake, hatuulizi kila maua yalipochanua yameleta shilingi ngapi. Basi tusimwulize mume peke yake.

Lakini kuna utetezi mmoja ambao hatuwezi kuukubali, ule wa kusema, "Hii ni biashara, tutaliuza kwa faida." Yako magari machache sana ya aina hii, kama Giulia GTA iliyoundwa kwa ajili ya mashindano, ambayo huuzwa kwa bei kubwa mno. Magari mengi ya kawaida hayako hivyo. Ukijumlisha vipuri vinavyoagizwa ng'ambo, ushuru, fundi wa bodi, fundi wa injini, rangi na viti, mara nyingi utakuta umetumia zaidi ya bei ambayo mnunuzi atakupa. Na mara nyingi mwenyewe hana nia ya kuliuza. Ingekuwa heri aseme tu, "Nalipenda." Hilo ni neno la kweli, na mke anaweza kulipima pamoja na mahitaji mengine ya nyumba. Faida ya kubuni haipimiki.

NDIYO YA KWELI NA NDIYO YA HILA

Sasa tufike kwenye kiini. Tuseme mume amemwambia mkewe, "Mama watoto, gari lenyewe ni laki tatu, matengenezo laki mbili, basi." Mke anafikiri siku mbili, anakubali. Baada ya miezi sita sakafu imekatwa, laki mbili imekwisha, na injini haijaguswa. Mume anakopa kwenye chama cha akiba na mikopo bila kusema. Siku mke anapoona karatasi ya makato ya mshahara na kuuliza, anajibiwa, "Si ulikubali mwenyewe?"

Je, alikubali? Alikubali laki tano. Laki tisa hakuisikia popote. Mtu hukubali kile alichoambiwa, wala hawezi kufungwa na kile alichofichwa. Ndiyo iliyopatikana kwa hesabu ndogo inafanana na ile rangi nyekundu juu ya puti: inapendeza macho, lakini haibebi uzito.

Mume atajitetea, "Hata mimi sikujua." Na huenda anasema kweli, maana tumeona kwamba hakuna ajuaye gharama kabla ya gari kufunguliwa. Hata hivyo kutojua hakumwondolei wajibu. Kunamwongezea. Kwa kuwa hakuweza kumweleza mwenzake yote siku ya kwanza, anadaiwa kurudi kwake kila mara jambo jipya linapojitokeza. Bodi ikifunguliwa, arudi na kuuliza tena. Injini ikifunguliwa, arudi na kuuliza tena. Na kila mara mke awe na uhuru wa kusema, "Hapa tusimame," bila kununiwa wiki nzima. Kumwuliza mtu ambaye hana nafasi ya kukataa ni sawa na kumpa tangazo.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hapa Kenya inasema kwamba, katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi wala kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Sheria hiyo ni ngao nzuri ya nyumba na shamba. Lakini ni vigumu sheria ilinde noti zinazotoka kidogo kidogo, leo za gasketi, kesho za plagi, keshokutwa za kuchomelea. Hapo mlinzi ni dhamiri, na daftari. Mali bila daftari huisha bila habari.

MAJI UKIYAVULIA NGUO

Wengi wakifika katikati hushikwa na mtego mwingine. Wanasema, "Nimeshatia fedha nyingi mno, siwezi kuacha sasa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga." Methali hii ni ya hekima, lakini wahenga hawakukusudia mtu aendelee kuoga mto ukifurika.

Fikiri vizuri. Fedha zilizokwisha kutumika zimekwenda, uendelee au usiendelee. Hazirudi kwa kuongezewa nyingine. Swali la haki ni hili: shilingi zilizobaki leo mkononi zinahitajika wapi zaidi? Kama mtoto wa kwanza anaingia kidato cha tatu na mama mzazi anahitaji matibabu, jibu linajulikana, hata kama gari limebakiza milango miwili tu.

Tena kusimama si lazima kuwe kushindwa. Gari lililopakwa mafuta na kuwekwa mahali pakavu chini ya turubai linaweza kungoja miaka mitatu. Linaweza pia kuuzwa lilivyo kwa mtu mwenye nafasi zaidi. Chuma kinajua kungoja. Mtoto aliyefukuzwa shuleni kwa ajili ya karo, muhula ule haurudi.

AHADI MBILI

Hapa tunafika kwenye tofauti ambayo wanandoa wengi huisahau. Siku ya arusi ulisimama mbele ya watu ukatoa ahadi ambayo hukujua itakugharimu nini. Hukujua kama mwenzako ataugua, atafutwa kazi, au mtakawia kupata watoto. Uliahidi hata hivyo, katika taabu na raha. Wala hatusemi ulikuwa mjinga, kwa sababu uliyemwahidi ni mtu, naye akakuahidi vivyo hivyo.

Gari kuukuu nalo linakujia na gharama isiyojulikana. Ndiyo maana ni rahisi kulitendea kama mwenzi: kusema, "Sitaliacha, liwe liwalo." Lakini gari halikukuahidi neno. Likikaa bila kutembea haliumii, na likiuzwa halilii. Ahadi isiyo na kikomo inamfaa mtu. Kitu lazima kiwekewe kikomo, tena kikomo hicho kiwekwe mapema, akili ikiwa bado imetulia. Kosa la huyu mume tuliyemtaja halikuwa kulipenda gari. Kosa lake ni kwamba alibadilisha mahali pa ahadi zake: gari likapewa "liwe liwalo," na mke akapewa "tutaona."

NENO KWA MKE PIA

Mama, nawe una wajibu wako. Usijibu "Shauri yako," kisha moyoni ukaanza kuhesabu makosa. Neno hilo si ndiyo wala si la, nalo huzaa ugomvi wa baadaye. Kama hutaki, sema hutaki na utaje sababu. Kama unakubali kwa kiasi fulani, taja kiasi. Nenda siku moja ulitazame gari lenyewe, uulize hiki ni nini na kile ni nini. Huenda hutalipenda hata siku hiyo, lakini utaona mwenzako anapenda nini, na hilo lina faida kulijua. Wala usidhani kwamba haya ni ya wanaume tu. Mke akichukua mkopo wa siri kwa ajili ya duka la nguo lisilouza, hukumu ni ileile.

Basi tulijibu swali letu la mwanzo. Mume anaweza kulitengeneza gari lake la Kiitaliano kwa dhamiri safi, ikiwa mahitaji ya nyumba yametangulia, ikiwa mkewe anaziona hesabu zote, na ikiwa ndiyo ya jana inaulizwa upya leo mambo yanapobadilika. Lakini akilitengeneza kwa siri, hata kama litang'aa na kupata tuzo, halitakuwa gari lake kwa haki, maana sehemu yake imejengwa kwa fedha ambazo mwenzake hakuulizwa.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Je, kuna jambo ninalolipenda ambalo gharama yake halisi sijamweleza mwenzangu?

2. Tumewahi kupanga kikomo cha fedha na cha saa kwa kila anachokipenda mmoja wetu?

3. Mwenzangu akisema "Tusimame hapa," humsikiliza au humnunia?

Yajadilini jioni moja, watoto wakiisha kulala, daftari likiwa mezani.