Atoaye Fumbo Naye Hupimwa

Mwaka 2015 Max Howell, aliyeunda Homebrew, programu ambayo wahandisi wengi huitumia kuweka zana katika kompyuta zao za Mac, alitangaza kwamba Google wamemkataa. Kwa maneno yake, alishindwa kugeuza ubaoni "mti", yaani mpangilio wa taarifa wenye matawi mawili mawili, wa kulia uwe wa kushoto.

Je, alidhulumiwa? Sisi tuliojifunza tungo barazani, bila cheti, twaharakia kusema naam. Lakini msaili naye ana hoja: akiajiri kwa sifa tu, wenye jamaa ndio watakaosifiwa. Swali moja kwa wote ni uadilifu, mradi swali lihusiane na kazi. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi wa Google, alikiri kuwa mafumbo waliyowauliza waombaji hayakutabiri lolote. Yalimfurahisha muulizaji tu.

Washairi walijua hayo zamani: atoaye fumbo naye hupimwa kwalo. Basi amsailiye mwenziwe na ajiulize kwanza: natafuta ujuzi wake, au naonyesha wangu?